"Ustadh, Wamepata Dunia Nyingine?"



Ndugu wazazi, jioni moja baada ya darsa hapa Ombaci, mwanafunzi wangu wa miaka kumi na mmoja aliniuliza: "Ustadh, ni kweli wamepata dunia nyingine kama yetu?" Alisikia redioni. Nilikuwa nimechoka, nikamjibu, "Huo ni uongo. Soma." Akanyamaza. Siku tatu hakuuliza kitu, naye ndiye aliyekuwa akiuliza kuliko wote.

Moyo ulinisuta. Nilikuwa nimesema jambo nisilo na elimu nalo. Nikatafuta.

Kumbe mwaka 2017 wataalamu walitangaza sayari saba zinazozunguka nyota moja ndogo, TRAPPIST-1, umbali wa miaka ya nuru 40 hivi. Ukubwa wao unakaribia wa dunia yetu, na ni za mwamba, si za gesi kama Mshtarii. Lakini mwaka 2023 darubini ya James Webb iliipima ile iliyo karibu zaidi na nyota yake. Upande wake wa mchana una joto la nyuzi 230 hivi, na hapakuonekana dalili ya hewa nzito.

Basi ni "kama dunia" kwa lipi? Katika balagha tunafundisha kwamba ukisema Zaidi ni kama simba, unakusudia ushujaa, si mkia. Hao nao wanakusudia ukubwa na mwamba. Maji, hewa na uhai ni habari nyingine.

Baada ya Magharibi nilimwita yule mtoto, nikamwonyesha Zuhura iking'aa. "Ile nayo ni ya mwamba, na upana wake karibu sawa na wa dunia. Lakini joto lake ni nyuzi 460 hivi." Akasema, "Kumbe ni kama, lakini si kama." Nikamwomba radhi mbele ya wenzake.

Wapo wanaosema sayari hizo saba ndizo zinazokusudiwa katika aya ya mwisho ya Surat At-Talaq. Tusikimbilie huko. Sayari zilizogunduliwa kwenye nyota nyingine zimepita 5,000; je, kila tangazo jipya tutabadilisha tafsiri?

Wazazi wenzangu, mtoto akiuliza, tusimzibe mdomo. "Sijui, ngoja tutafute" haimpunguzii mzazi heshima, wala ustadh.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum.