Kwanza Miguu

Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema wahenga, na penye barafu methali hiyo ni sheria. Aliyefika huko bila kifaa kinachostahili hana duka la kukimbilia. Ama atageuza njia, ama atahatarisha maisha yake.

Hans Meyer alilijua hilo. Mwaka 1887 alipanda Kilimanjaro hadi kwenye barafu, akarudi kwa kukosa vifaa vya kuikabili. Mwaka 1889 alirejea pamoja na Ludwig Purtscheller, mpandaji hodari. Safari hiyo walikata vidato katika barafu kwa shoka, pigo baada ya pigo, wakafika kileleni tarehe 6 Oktoba.

Hata hivyo, sisemi kuwa mwenye fedha nyingi ndiye mwenye vifaa bora. Mwaka 1943 Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita huko Nanyuki ili wapande Mlima Kenya. Nyundo walizigeuza kuwa mashoka ya barafu, vyuma chakavu wakavifanya meno ya kufunga chini ya viatu, na katani ya vitandani ikawa kamba. Kilele cha Batian kiliwashinda, lakini Benuzzi na Balletto walifika Lenana, mita 4,985, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao. Simshauri mtu aitegemee kamba ya kitandani. Ninachokistahi ni kwamba walijiuliza kwanza mlima utawatendea nini, ndipo wakatafuta cha kuujibu.

Nilizikumbuka habari hizo mjukuu wangu, anayesoma Uskoti, aliponitumia orodha ya vifaa vya kupandia Ben Nevis wakati wa baridi, akiomba nimsaidie fedha. Mlima huo una mita 1,345 tu, chini ya Nanyuki yenyewe, lakini majira hayo huvaa barafu na dhoruba zake si za mchezo. Juu kabisa ya orodha palikuwa na koti la bei kubwa. Viatu alikusudia kuazima kwa rafiki mwenye mguu mdogo kuliko wake.

Mimi si mpandaji, lakini aliyesahihisha insha kwa miaka mingi hutazama mpangilio. Nilimwomba aanzie miguuni. Kiatu kinachobana huzuia damu kufika vidoleni, na kidole kisichopata damu katika baridi kali huweza kufa. Tena yale meno ya chuma hayakai imara kwenye kiatu laini. Soli hupinda, nayo huchomoka. Baada ya viatu, nguo ya ndani isiwe ya pamba, maana pamba hunyonya jasho ikabaki na umajimaji mwilini. Sufu ni afadhali. Kofia ngumu ifuate, kwa kuwa mawe na vipande vya barafu huanguka. Shoka na meno ya chuma vyaweza kukodiwa. Koti lizuie upepo na maji. Kupendeza si kazi yake.

Alinung'unika kidogo. Vijana hupenda kitakachoonekana pichani, na viatu aghalabu hufichwa na theluji. Lakini ni miguu itakayomshusha mlimani jioni, nami nilikuwa nikichangia kurudi kwake. Fedha nilizompelekea zilitosha viatu tu.