Kunguru wa Mji wa Shaba

Ukibahatika kufika Lubumbashi, Kongo, ewe msomaji, lugha isikutie hofu: Kiswahili chao, japo kimechanganyika na Kifaransa, utakielewa. Dohani ndefu ya kiwanda cha shaba utaiona kwa mbali, na kando yake mlima mweusi wa makapi ya madini.

Wenyeji wanaringia TP Mazembe, "Kunguru" wao. Watawa wa Kibenediktini waliianzisha mwaka wa 1939. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi. Mwaka wa 1967 ilitawazwa bingwa wa Afrika baada ya sare mbili na Asante Kotoko ya Ghana, ambao hawakufika kwa mechi ya kuamua mshindi. Ikatwaa tena 1968. Kotoko walilipiza kisasi katika fainali ya 1970.

Kombe hilo halikurudi hadi 2009, chini ya tajiri Moïse Katumbi. Mwaka uliofuata, kule Abu Dhabi, Mazembe iliilaza Internacional ya Brazil 2-0, kipa Kidiaba akisherehekea kwa kurukaruka kwa makalio! Ni Inter Milan waliowazima katika fainali, 3-0.

Lakini Katumbi ni mwanasiasa pia, na mwaka wa 2016 siasa zilimpeleka uhamishoni, asirudi hadi 2019. Klabu kutegemea mfuko wa mtu mmoja ni hatari, kama vile mji kutegemea shaba pekee.

Ukienda uwanja wa Kamalondo, vaa nyeusi na nyeupe.