Marsabit, Mlima wa Ukungu na Picha za Ndovu

Msafiri atokaye Isiolo kwenda kaskazini hupita katika nchi kavu kwa muda wa saa nyingi. Kushoto na kulia huona miiba, mchanga na mawe meusi, na pengine kundi la ngamia wakichungwa na mtoto mwenye fimbo ndefu kuliko yeye mwenyewe. Halafu kwenye upeo wa macho hutokea kitu cha rangi ya samawati ambacho mgeni hukidhani kuwa wingu. Ndio mlima Marsabit. Kilele chake kina urefu wa meta 1,707 kutoka usawa wa bahari, na wingu nalo lipo kweli, kwa sababu usiku ukungu huufunika mlima na kuuachia maji. Ndiyo maana msitu mnene umeota mahali ambapo pande zote ni jangwa, na mimea ya kijivu huning'inia katika matawi ya miti mithili ya ndevu za mzee.

Kutoka Nairobi ni mwendo wa kilometa 550 hivi. Kabla ya barabara ya lami ya Isiolo mpaka Moyale kukamilika katika miaka ya 2010, watu waliihesabu safari hii kwa siku, na mwenye lori hakuondoka Isiolo bila maji ya kumtosha yeye na gari lake endapo lingeharibika njiani. Siku hizi aliyeamka mapema hufika kabla ya jua kutua, akakuta baridi asiyoitazamia, akajuta kuacha koti nyumbani.

Mlima huo ni volkano iliyozimika zamani sana. Vinywa vyake vya moto vimebaki kuwa mashimo makubwa ya duara, na Waborana huyaita gof. Mawili kati yake yamo msituni, nayo hupata maji: Sokorte Dika, yaani dogo, na Sokorte Guda, yaani kubwa. Hilo kubwa ndilo linaloitwa na wageni Ziwa Paradiso. Kuta zake zimejaa miti kutoka juu mpaka chini, na katikati ni maji na majani mabichi ambapo ndovu na nyati huja kunywa. Ni vigumu kusimama ukingoni mwa shimo hilo bila kutamani kuwa na kamera.

Tamaa hiyo ndiyo iliyomleta Mmarekani Martin Johnson na mkewe Osa. Walifika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1921, wakiwa na hamu ya kutengeneza sinema za wanyama wa porini. Blayney Percival, aliyekuwa msimamizi wa wanyama wa serikali, ndiye aliyewaeleza habari za ziwa lililofichika katika mlima wa kaskazini. Wakalitafuta, wakaliona, na waliporudi kwao Marekani hawakuweza kulisahau. George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak iliyouza kamera na filamu duniani kote, akawasaidia kwa fedha. Mwaka 1924 wakarudi, wakajenga nyumba kando ya ziwa, wakakaa huko mpaka mwaka 1927.

Afadhali msomaji akumbuke jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ngumu wakati ule. Kamera ya sinema ilikuwa sanduku zito lililosimamishwa juu ya miguu mitatu, nayo ilizungushwa kwa mkono. Aliyetaka picha ya faru ilimpasa kumkaribia, na huku akizungusha mkono wa kamera kwa mwendo ule ule, asiharakishe hata kama moyo unakwenda mbio. Martin alizungusha, na Osa akasimama kando yake na bunduki, tayari kama mnyama angewarukia. Yasemekana Osa alikuwa mpiga shabaha hodari kuliko mumewe, na picha nyingi zisingalipatikana kama mkono wake ungalitetemeka.

Usiku walitumia hila nyingine. Waliweka kamera karibu na njia ya wanyama, wakatega uzi mwembamba. Mnyama akiugusa, mwanga mkali uliwaka ghafula na picha ikapigwa, naye mwenyewe akakimbia bila kujua kwamba ameacha sura yake nyuma. Mchana walijenga maficho ya miiba karibu na maji, wakakaa humo kimya saa baada ya saa, joto likiwachoma na inzi wakiwasumbua. Mara nyingi upepo uligeuka jioni, wanyama wakanusa harufu ya watu, na kazi ya siku nzima ikapotea. Hata filamu ikishapigwa bado mashaka hayakwisha, kwa maana ilipaswa kusafishwa katika chumba cha giza pale pale mlimani, na maji yenye joto au vumbi yangeweza kuiharibu. Mtu wa leo apigaye picha mia kabla ya chai ya asubuhi, akazifuta tisini, hawezi kuonja furaha waliyokuwa nayo walipoiona picha moja nzuri ikitokea katika dawa.

Osa alilima bustani ya mboga kando ya nyumba. Ndovu nao walikuja usiku kula viazi vitamu. Wakulima wengi wa nchi hii hawatashangaa.

Wawili hao hawakuwa peke yao. Walikuwa na wapagazi, wapishi, wachukuzi wa bunduki na viongozi wa njia, na kiongozi aliyesifiwa kuliko wote aliitwa Boculy. Hivyo ndivyo walivyoliandika jina lake. Huyo ndiye aliyewafikisha ziwani. Alijua kusoma nyayo na majani yaliyolala, akaweza kusema ndovu wamepita lini na wanaelekea wapi, na Martin alimsifu katika vitabu vyake kuwa mtu asiye na mfano katika elimu hiyo. Mtu huyo hakushika kamera, lakini ni vigumu kuona ni picha gani ya ndovu wa Marsabit ambayo ingepigwa bila yeye. Hayo yafaa kusemwa wazi, kwa kuwa majina yaliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya majumba ya sinema ya Marekani yalikuwa mawili tu.

Picha hizo zilienda mbali sana. Sinema yao iliyoitwa "Simba" ilionyeshwa mwaka 1928, na watu wengi sana wa Marekani ambao hawakupata kuiona Afrika waliiona kwa mara ya kwanza namna hiyo. Waliwaona ndovu, twiga na simba wakitembea, jambo ambalo kitabu hakiwezi kulionyesha. Lakini maneno yaliyoandikwa katika sinema hizo mara nyingi yaliwafanya Waafrika kuwa kichekesho, na ubaya huo hauwezi kufichwa. Wanyama walitazamwa kwa heshima kuliko wenyeji. Mtu aweza kuwa na jicho la ajabu la kumtazama ndovu na bado akashindwa kumwona jirani yake aliyembebea kamera.

Martin Johnson alikufa Januari 1937 katika ajali ya ndege huko California, na Osa akafa mwaka 1953. Katika mji wa Chanute, jimbo la Kansas, alikozaliwa Osa, kuna jumba la makumbusho lenye picha zao. Huko, mbali kabisa na Afrika, mtu aweza kuona Ziwa Paradiso lilivyokuwa karibu miaka mia iliyopita.

Marsabit ilipata sifa tena kwa ajili ya ndovu mmoja. Jina lake lilikuwa Ahmed, na pembe zake zilikuwa ndefu hata zikakaribia kugusa ardhi alipotembea. Picha zake zilienea katika magazeti na sinema za nchi nyingi, na watu wakaanza kuhofu kwamba atauawa kwa ajili ya pembe hizo, maana wakati huo uwindaji wa leseni ulikuwa bado unaruhusiwa katika Kenya. Haukupigwa marufuku mpaka mwaka 1977. Barua nyingi zikaletwa. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri maalum ya kumlinda, na askari wakawekwa kumfuata msituni. Ahmed aliishi hivyo mpaka mwaka 1974 akafa kifo cha kawaida, akiwa na umri wa miaka 55 hivi. Kila pembe ilikuwa na uzito wa kilo 67 hivi.

Basi huo ni mfano wa picha iliyomsaidia mnyama. Kama Ahmed angalijulikana kwa wachungaji wa Marsabit peke yao, wenye bunduki pengine wangalimpata mapema. Sanamu yake yenye ukubwa kamili imesimama uani mwa Jumba la Makumbusho la Taifa mjini Nairobi, na watoto wa shule hupangwa mstari mbele yake ili wapigwe picha.

Leo mambo yamepinduka kidogo. Mgeni mwenye simu hupiga picha ya ndovu mwenye pembe kubwa, na kabla hajashuka garini imekwisha kuonekana London na Dubai. Wengi hawajui kwamba simu huweza kuandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa, na habari hiyo ni mali kwa jangili. Walinzi wa wanyama katika nchi nyingi huwasihi wageni waizime alama hiyo, au wangoje siku kadhaa kabla ya kuonyesha picha ya faru au ya ndovu wa namna hiyo. Picha haiharibiki kwa kungoja.

Adabu nyingine yahusu watu. Karibu na mlima, huko Ulanula, kuna visima ambavyo wageni huviita visima vya kuimba. Wanaume wa Kiborana husimama mmoja juu ya mwingine ndani ya kisima, wakapokezana ndoo kutoka chini mpaka kwenye hori la mifugo, na wimbo ndio unaowafanya mikono iende pamoja. Ni jambo zuri la kutazama, nalo humvutia kila mwenye kamera. Lakini ni kazi, tena kazi nzito, na ng'ombe wenye kiu hawangoji mpiga picha achague mwanga wake. Aombe ruhusa kwanza, asimame asipoziba njia, na akipewa picha iliyo njema awaletee wenyewe waione. Hilo la mwisho husahauliwa sana.

Kwa ndovu, mahali pema ni Sokorte Dika, ambapo nyumba ya wageni ilijengwa kuelekea maji. Ndovu wengi hushuka kwenda nchi za chini wakati wa mvua, kwa kuwa hapo majani ni tele kila mahali, kisha hurudi msituni wakati wa kiangazi. Basi mpiga picha aende kiangazi, akae mahali pamoja badala ya kuzunguka na gari, na jua la asubuhi liwe nyuma yake.

Lakini akifika Ziwa Paradiso asishangae akikosa ziwa. Katika miaka ya ukame mkali maji hupungua mpaka yakaisha, na shimo lote likabaki majani na udongo uliopasuka. Msitu uliozoea kunasa ukungu umekatwa katika sehemu za kando kwa ajili ya kuni na mashamba, na mji wa Marsabit, ambao hutegemea maji ya mlima huo huo, umekua sana. Wachungaji nao huingiza ng'ombe msituni ukame unapozidi, na si rahisi kumlaumu mtu ambaye ng'ombe wake wanakufa. Wenye picha za zamani za ziwa hilo, hasa wazee wa Marsabit na wafanyakazi waliostaafu wa hifadhi, wangefanya vema kuzitoa masandukuni na kuandika nyuma yake mwaka na mwezi. Picha ya maji yaliyojaa mpaka kwenye miti, yenye tarehe yake, huwaonyesha vijana wa leo jambo ambalo wao wangelidhani kuwa hadithi.

Mwaka ukiwa mkavu, nyayo hubaki katika tope lililokauka katikati ya shimo, kubwa kama sinia, zikielekea mahali maji yalipokuwa. Jioni ukungu hushuka tena kutoka kileleni, ukafunika kuta za gof upande mmoja baada ya mwingine, na hapo kamera yoyote haina kazi tena.