Usiku wa Kipoyi

Usiku mmoja wa mwaka 2021 yowe lilitoka kwa jirani: mkewe ana uchungu wa kuzaa, na damu yamtoka nyingi. Tulimlaza katika kipoyi, tukashika njia itokayo Walikale kwenda hospitali ya Masisi. Mimi nilichukua taa.

Tangu Mei jimbo letu la Kivu Kaskazini lilikuwa chini ya utawala wa kijeshi. Penye kizuizi cha njia askari walidai kadi za uchaguzi, maana kwetu ndizo vitambulisho. Mdogo wangu alikuwa ameisahau yake. (Nani akumbukaye kadi asikiapo yowe?) Wakamkamata.

Nilisimama. Mzee wetu akaniambia, “Mwanangu, mama huyu hawezi kungoja.”

Nikashika mti aliouacha mdogo wangu. Sikuthubutu kugeuka nyuma.

Mtoto alizaliwa alfajiri. Mdogo wangu aliachiliwa siku ya tatu.