Habari za Chuo Zilizotufikisha Malinya

Katika mtaa wetu, habari za chuo kikuu aghalabu hutufikia kwa njia mbili tu: ama ni barua ya karo, ama ni uvumi wa mgomo. Ndiyo maana binti yetu alipotupigia simu usiku mmoja baada ya sala ya Isha, akasema kwamba ana habari za chuo, sisi wazazi wawili tulitazamana kwanza tukajiuliza ni shilingi ngapi. Haikuwa karo, wala haikuwa mgomo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichoko Kakamega, kilikuwa kinachukua walimu wapya upande wa sayansi, na yeye alikuwa miongoni mwao. Angekuwa mkufunzi msaidizi wa kemia, asimamie majaribio ya wanafunzi maabarani, na wakati huohuo aendelee na shahada yake ya uzamili.

Tulimpa hongera, tukamwombea dua, tukakata simu. Kisha hatukulala.

Msomaji asidhani kwamba hatukufurahi. Binti huyu alipangiwa Kakamega na serikali alipomaliza kidato cha nne, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ametia Mombasa kuwa chaguo lake la kwanza. Tulimwacha aende kwa moyo mzito, tukihesabu miaka minne. Alipohitimu alipata kazi ya kufundisha kemia katika skuli ya sekondari huko Malinya, kusini ya mji wa Kakamega, akiajiriwa na bodi ya skuli kwa mshahara mdogo. Tukasema ni mwaka mmoja, ikawa miwili. Na sasa, alipokuwa karibu kurejea nyumbani, chuo kinamtaka tena.

Tena ilikuwapo posa. Ilikuja mwezi wa Mfungo Saba kutoka kwa watu wa heshima tunaojuana nao tangu enzi za wazee wetu, na kijana mwenyewe ana kazi yake bandarini na hana la kulaumiwa. Sharti lao lilikuwa moja tu, kwamba bibi arusi akae Mombasa. Ami yake binti, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, alipopata habari hizi za chuo alisema neno ambalo wengi wenu mngelisema: mtoto wa kike haachwi bara peke yake kwa miaka mitatu mingine, elimu aliyoipata inatosha. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa huruma, na huruma ya mtu mzima ni nzito kuipinga kuliko hasira yake.

Tukakubaliana jambo moja, kwamba kabla ya kusema ndiyo au la, tutakwenda kuona kwa macho yetu anakokaa na anachofundisha.

Safari ni ndefu, zaidi ya kilomita 800. Tulipanda treni hadi Nairobi, tukalala kwa jamaa, na asubuhi tukashika basi la Kakamega kupitia Nakuru. Njiani tulikumbushana kwamba watu wa pwani si wageni wa njia hizo. Misafara ya Waswahili ilikwisha kufika kwa Wawanga kabla ya reli kufikiriwa. Joseph Thomson, Mskochi, alipopita huko mwaka 1883, aliongozwa na watu waliotoka pwani, na mahali pale palikuwa kituo cha biashara kiitwacho Kwa Sundu. Leo ni Mumias, kwa jina la Nabongo Mumia aliyefariki mwaka 1949. Uislamu wa Mumias, misikiti yake na Kiswahili chake, ni athari ya nyayo hizo. Sisi tuliokuwa tukilia kwamba binti yetu ametupwa mbali tulikuwa tumesahau kwamba babu zetu walikwenda mbali zaidi ya hapo, kwa miguu, bila simu.

Malinya ni soko dogo katika nchi ya Waidakho, eneo la Ikolomani. Ardhi ni ya vilima, udongo mwekundu, migomba na mahindi na majani ya chai, nyumba zimekaribiana kuliko tulivyotarajia shambani. Mvua hunyesha alasiri karibu kila siku. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nusu yake yote, twahisi, ilinyesha juu yetu katika siku nne. Baridi ya usiku ilitufanya tulale na mabuibui juu ya blanketi.

Binti yetu amepanga chumba katika uwanja wa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Kilindini miaka mingi na kukaa Likoni. Mzee huyu anazungumza Kiswahili cha kwetu kwa ufasaha unaotia haya baadhi ya vijana wetu. Ni Mkristo, yeye na mkewe. Siku tuliyofika, kuku alikuwa amefungwa mguu chini ya mwembe, hajachinjwa. Mzee alikuwa amemtuma mjukuu wake kwenda kumwita Mwislamu wa sokoni aje amchinje. “Ndugu zangu,” alituambia, “tangu mwanenu ahamie hapa, kisu cha nyumba hii kimestaafu.” Mkewe alicheka, akatuletea maji ya kunawa, na tukala kuku kwa ugali na mrenda. Kwa kweli, jambo hilo moja liliondoa nusu ya khofu tuliyokuja nayo.

Alfajiri ya Jumamosi tuliamshwa na ngoma. Ni isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo mwaka 2014 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Watu walikuwa wanamsindikiza fahali kwenda uwanjani, kwani Malinya inajulikana kwa mapigano ya mafahali, fahali kwa fahali. Sisi kwa dini yetu hatuwezi kuushangilia mchezo wa kuwapiganisha wanyama, na tulimwambia mwenyeji wetu hivyo kwa upole alipotualika. Hakukasirika. Alikwenda yeye, akarudi adhuhuri na matope hadi magotini, amefurahi kama mtoto, na hatukumuuliza nani alishinda.

Jumatatu binti yetu alitupeleka chuoni. Tulitarajia majumba makubwa, na yapo. Ila kilichotuvutia ni historia yake. Chuo hicho kilianza mwaka 1972 kwa jina la WECO, chuo cha sanaa na sayansi za matumizi, kwa moyo wa harambee uliokuwa umeenea nchini wakati ule. Mwaka 2002 kikawa chuo kishiriki cha Moi, na kwa sheria ya Bunge ya mwaka 2006 kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Masinde Muliro, mwanasiasa wa magharibi aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa FORD na ambaye alifariki mwaka 1992. Tuliposikia hayo tulikumbuka cha kwetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa nacho kilizaliwa MIOME, taasisi ya elimu ya Kiislamu iliyojengwa kwa michango, wakiwemo Sayyid Khalifa wa Unguja, Aga Khan na Mabohora, ikafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka uleule wa 1972 ndipo ilipoitwa politeknika, na mwaka 2013 ikawa chuo kikuu. Kumbe majumba haya mawili ni kama ndugu waliolelewa mbalimbali: yote mawili ni matunda ya watu walioamini kwamba sayansi ni jambo la kuchangiwa.

Maabara ni chumba kirefu chenye meza za juu, mabomba ya gesi na harufu kali. Pale tulimwona binti yetu katika koti jeupe juu ya hijabu yake, wanafunzi wakimwita “Madam”. Mama yake alilazimika kutoka nje kidogo.

Aliporudi, binti alituonyesha kazi anayotaka kuiandikia shahada. Akatupa jani tulifikiche. Harufu ilipanda, nasi wote wawili tukasema kwa pamoja: kafuri! Naam, ile ile tuijuayo sisi kwa kuwaoshea maiti wetu. Akatueleza kwamba mmea ule ni jamaa ya mrehani, mrehani huu huu tunaoupanda uani na kuutia katika vikuba pamoja na asumini na mkadi. Ila jamaa huyu wa bara ana kafuri nyingi ndani ya majani yake. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Kakamega, wakisaidiwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, wameupanda mashambani mwao, wakaukamua mafuta na kuyatengeneza dawa ya kuchua kwa mafua na maumivu. Kikundi chao cha Muliru kilipata tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2010. Faida yake ni maradufu: wanapata kipato, na msitu unapumua, kwani mtu mwenye mmea wa kuuza shambani hana haja kubwa ya kuingia msituni kukata na kung'oa.

Akatuonyesha na jinsi mafuta yanavyotoka. Majani hutiwa katika chombo, mvuke wa maji ukapitishwa ndani yake. Mvuke hubeba mafuta. Ukifika katika bomba lililozungukwa na maji baridi, hugeuka kuwa maji tena, na mafuta, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu yakatengwa. “Mama,” akasema, “nyanya alikuwa akitengeneza marashi ya mawaridi kwa sufuria na bakuli. Ni jambo lilelile.” Na ni kweli, marehemu nyanya yake alifanya hivyo, na sisi tulidhani ni mapishi tu.

Swali la binti ni hili: je, udongo na mvua hubadili kiasi cha kafuri katika jani? Ukiupanda mmea ule Kwale au Kilifi, utatoa mafuta yaleyale? Tulimwona ami yake, ambaye tulikuwa tumemwomba afuatane nasi na ambaye hadi hapo alikuwa kimya, akisogea karibu na meza. Yeye ana shamba Kwale.

Usiku ule, huko Malinya, tulizungumza hadi taa ikazimwa. Ami hakuacha hoja yake. Alisema, na alisema kweli, kwamba elimu haimzeeshi mtu lakini miaka humzeesha, na kwamba posa ya watu wema haiji kila msimu. Sisi tukasema la kwetu. Kazi hii haina dhamana. Mhadhiri kamili aghalabu hutakiwa awe na shahada ya uzamivu, kwa hiyo uzamili huu ni kizingiti cha kwanza tu, na twajua itakuwa miaka. Lakini tulikuwa tumewaona wasichana wawili wa pwani katika maabara ile, mmoja akiwa ametaka kuhama mwaka jana kwa upweke, na binti yetu ndiye aliyemzuia, akampeleka sokoni, akamwonyesha msikiti, akamsaidia kwa hesabu. Je, huyo angezuiwa na nani? Wengi wetu twalalamika kwamba wanetu wanafundishwa na watu wasiojua desturi zetu. Nani basi atakwenda kuwafundisha, ikiwa kila mmoja wetu anamrudisha wake?

Tuseme pia lililo wazi. Thomas Odhiambo, aliyeiasisi ICIPE mwaka 1970, alizaliwa Mombasa. Wangari Maathai alipata shahada yake ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, wa kwanza kwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Ni zaidi ya nusu karne sasa. Bado katika mitaa yetu binti mwenye shahada ya kemia huulizwa kwanza ataolewa lini. Sisi hatuoni ubaya wa swali, kwani ndoa ni sunna na tunamtakia. Tunaona ubaya wa kuwa ndilo swali la pekee.

Tulirudi Mombasa tukawaendea wenye posa, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, tukawaeleza hali kwa ukweli: binti ameridhia kijana, lakini anaomba miaka miwili. Walitupokea vizuri, wakasema watashauriana. Baada ya wiki tatu wakaleta jibu kwa adabu kwamba hawawezi kungoja. Tulipompa binti habari hizo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama baba yake ameaibika. Tukamwambia la. Kama alilia baadaye, alilia Malinya, na mke wa mzee ndiye anayejua.

Ami bado hajaridhika kabisa. Hata hivyo, mwezi uliopita alituma kwa basi pakiti tatu za udongo wa shamba lake, kila moja imeandikwa kwa mkono wake ilikotoka: chini ya mnazi, kando ya kisima, mlangoni.

Tangu habari hizi zienee, kina mama kadhaa wenye mabinti waliopangiwa Kakamega wametujia kuuliza. Wiki hii ni mama wa Lamu. Hakuuliza kuhusu kemia. Aliuliza chakula, sala na baridi. Tumemwambia kwamba nyama ya halali ipo, msikiti upo mjini, sweta achukue mbili na mwavuli madhubuti, na basi alichague la kumfikisha mchana, kwani binti yetu atamngoja kituoni baada ya kipindi cha saa nane.