Wageni wa Oktoba hawabishi hodi

Wapo watu wanaodhani kwamba kutazama ndege ni shughuli ya Wazungu waliokosa la kufanya. Jirani yangu hapa Nyeri ni mmoja wao. Kila anapotuona Jumamosi asubuhi tukishuka kuelekea mto Chania, mimi, mke wangu na watoto wawili, huuliza kwa kicheko, "Leo mnawinda nini, na mbwa hamna?" Nami humjibu kwamba tunakwenda kuwaamkua wageni.

Wageni wenyewe si haba. Kati ya Septemba na Novemba, Ulaya na kaskazini mwa Asia zinapoanza kuingia baridi, ndege wasiohesabika hufunga safari kuja Afrika. Wengi wetu hudhani wanakimbia baridi. Kumbe wanachokimbia hasa ni njaa. Baridi ikikaza huko kwao wadudu huadimika, na ndege anayeishi kwa wadudu hana budi kuhama. Huku kwetu mvua za vuli ndipo zinaanza, na chakula ni tele.

Mtazame mbayuwayu aliyetua kwenye waya wa stima. Uzito wake ni gramu 20 hivi, sawa na vijiko vinne vya sukari. Hata hivyo, amevuka bahari na jangwa la Sahara, na wenzake wengine watapita hapa waendelee hadi Afrika Kusini. Korongo mweupe naye ni mzito, na hupaa kwa kutegemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Kwa hivyo huepuka bahari, akazunguka kupitia Misri na kufuata mto Nile. Ukishika njia ya Naro Moru na Nanyuki msimu huu, huenda ukamkuta mashambani akiokota panzi na viwavi. Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakatoka, usishangae kumwona tai mkubwa aliyetoka nyika za Urusi au Kazakhstan akiwagombania chini pamoja na kuku wa watu.

Mwanangu wa kiume, mwenye miaka 11, alikuwa akija matembezini na manati mfukoni kama wavulana wengi wa rika lake. Sikumkemea. Asubuhi moja tulimwona ndege mdogo mwenye kifua cha manjano akitembea katikati ya miguu ya ng'ombe, mkia ukitikisika. Nilimweleza kwamba ndege wa aina hiyo huzaliwa mbali, wengine Urusi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Baba, na akifa hapa, kule kwao watajuaje?"

Jibu lipo. Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 wataalamu na watu wa kujitolea wamekuwa wakiwanasa ndege wanaosafiri usiku, wakawavisha mguuni pete ndogo yenye nambari, kisha wakawaachilia. Pete hiyo ikiokotwa nchi nyingine na mtu akatoa habari, safari ya ndege huyo hujulikana. Nilipomweleza hayo, mwanangu alitaka kujua ni nani awezaye kufanya kazi hiyo. Manati sasa imening'inia msumarini.

Wala si kazi ya Wazungu pekee. Jijini Nairobi, matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi yalianzishwa mwaka 1971 na Bi Fleur Ng'weno, chini ya chama kilichoundwa mwaka 1909 na ambacho leo chaitwa Nature Kenya. Vijana wengi Wakenya walijifunzia hapo, na baadhi yao leo wanapata riziki kwa kuwaongoza watalii.

Wazazi wenzangu, wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndege hawa hutulia viwavi na panzi bila kudai malipo. Sisi twawapokeaje? Twakausha vinamasi ili tupande mboga, twafyeka vichaka vya kando ya mito, na twanyunyiza sumu inayomaliza wadudu wote, wabaya kwa wazuri. Manati ya mtoto huua ndege mmoja. Kinamasi kikikauka, wageni wa miaka yote ijayo hukosa pa kutua.

Matembezi yenyewe hayana gharama. Ondokeni alfajiri kabla jua halijawa kali, vaeni nguo zisizong'aa, mchukue daftari na kalamu. Darubini ni nzuri lakini si lazima. Mtoto aandike tarehe, mahali, rangi ya ndege na alichokuwa akila. Kufikia Machi na Aprili, wageni hao watakuwa wakirudi kwao, na atakuwa na hesabu yake mwenyewe ya nani alikuja na nani aliondoka. Mwaka ujao ataifungua tena, alinganishe. Hapo ndipo atakapojua kama tuliwakirimu au tuliwafukuza.