Salio la Nani? Kiswahili Ndani ya Kampuni Chipukizi za Teknolojia

Hebu yatazame majina ya huduma na biashara za teknolojia zilizozaliwa nchini Kenya katika miongo hii miwili. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, liliundwa Januari 2008, na miaka miwili baadaye likatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Zikafuata M-Kopa na M-Shwari, kisha Twiga, halafu Fuliza mnamo Januari 2019. Sokowatch nayo ilijivua jina lake mwaka 2022 ikajiita Wasoko. Ni dhahiri shahiri kwamba mjasiriamali anapotafuta jina litakalokaa vyema mdomoni mwa mteja, hubisha hodi kwa Kiswahili. Hata kitenzi fuliza, ambacho maana yake ya asili ni kuendelea kufanya jambo bila kukoma, sasa kimepata maana ya kutumia fedha usizokuwa nazo. (Yamkini maana ile kongwe haijapotea kabisa, maana wapo wanaofuliza bila kukoma.)

Hata hivyo, ukishavuka kizingiti cha jina, aghalabu lugha hubadilika. M-Pesa ilimpa mtumiaji hiari ya Kiswahili, na hilo ni la kupongezwa. Lakini katika huduma nyingi nilizozitumia mimi, jina lilikuwa Kiswahili ilhali masharti, ada na onyo la deni vilikuwa Kiingereza. Mgeni amekaribishwa kwa lugha yake mlangoni, akaandikiwa mkataba kwa lugha nyingine sebuleni.

Mambo haya nilikuwa nikiyatazama kwa mbali, kama mwanafunzi wa isimu anavyotazama data yake, hadi wenzangu wawili wa idara ya sayansi ya tarakilishi waliponijia mwaka jana. Walikuwa wameunda huduma ya kumwezesha muuza mboga kuweka kumbukumbu ya wateja wanaokopa. Muuzaji hubonyeza nambari fupi katika simu yoyote ile, hata ile ya vibonyezo isiyo na intaneti, akaandika nani amechukua nini. Mteja naye hupokea arafa. Mmoja wao alikuwa ameitia ndani sehemu ya mkopo wake wa masomo. Walichotaka kwangu kilikuwa kidogo mno, kwa maoni yao: nikague Kiswahili ambacho mashine ya kutafsiri ilikuwa imewapa.

Tukaenda sokoni pamoja, pande za magharibi mwa Nairobi, tuone arafa hizo zikifanya kazi. Mteja mmoja, mama wa makamo aliyekuwa amechukua sukumawiki na nyanya kwa mkopo wiki nzima, akapokea ujumbe: "Salio lako ni sh 700." Uso ukamchangamka. Akamgeukia muuzaji akasema, "Kumbe bado nina mia saba kwako? Basi niongezee viazi."

Wenzangu walicheka. Muuzaji hakucheka hata kidogo, kwani yeye ndiye aliyekuwa akidai hizo mia saba.

Mashine haikukosea kwa mujibu wa kamusi. Salio ni kilichosalia, na deni lililosalia ni salio vilevile. Ila Mkenya amelizoea neno hilo katika simu yake kwa miaka mingi, na humo humaanisha fedha au muda wa maongezi alio nao yeye. Nikapendekeza "Unadaiwa sh 700." Muuzaji akalikataa papo hapo. "Mwanangu," aliniambia, "ukimwandikia mtu wangu hivyo, kesho atapitia njia ile nyingine anunue kwa jirani. Hapa hatuambiani unadaiwa." Basi huambianaje? Nikaketi kwenye kreti iliyopinduliwa, nikasikiliza kwa muda wa saa mbili hivi. Hakuna mteja aliyesema anakopa. Walisema, "Niandikie." Naye muuzaji alipokumbusha, alisema, "Tumefika mia saba," kana kwamba deni ni safari wanayoisafiri wote wawili. Tukaandika: "Umeandikiwa sh 120 leo. Jumla imefika sh 700." Hiyo ndiyo arafa inayotumika hadi sasa.

Naomba nitue hapa kidogo, kwa kuwa lipo jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili hatulisemi vya kutosha. Arafa moja ina nafasi ya herufi 160, na ukizipita unalipia arafa ya pili. Ukurasa mmoja wa menyu ya nambari fupi hauzidi herufi 182. Kwa biashara isiyo na mtaji, maneno mengi ni gharama inayohesabika kwa shilingi kila siku. Sasa utazame unyambulishaji wetu: "umeandikiwa" ni neno moja la herufi 11, na ndani yake mna mtendewa, wakati, kitendo na kauli. Somo la mofolojia, ambalo wengi wetu tulilisoma kwa ajili ya mtihani tu, lilikuwa likipunguza bili ya arafa ya wenzangu mbele ya macho yangu. Fauka ya hayo, walimu wangu wataniwia radhi nikisema kwamba mwanadarasa mwenzangu aliyependekeza tutumie "rununu" badala ya "simu" aliulizwa na muuzaji yule kama hiyo ni aina ya ndege. Neno hilo nalipenda, nami hulitumia katika insha. Sokoni halina kazi bado.

Wanaotaka kuanzisha kampuni hizi hupewa nasaha nyingi kuhusu kutafuta wawekezaji. Si ajabu. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika pwani yetu mwaka 2009, na iHub ikafungua milango yake kwenye barabara ya Ngong mwaka 2010, Nairobi ilipata sifa, na sifa ikavuta mitaji ya kigeni. Lakini riba zilipopanda Marekani mwaka 2022, fedha hizo zilianza kuadimika. Kune, iliyouza mlo wa bei nafuu jijini, ilifunga Juni mwaka huohuo. Sendy, kampuni ya usafirishaji, ilifuata mwaka 2023. Copia, iliyowapelekea bidhaa wakazi wa mashambani, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Sizitaji ili kuzicheka. Zilijaribu mambo magumu, na watu wengi walipoteza kazi. Nionavyo mimi, mwenye kampuni chipukizi leo atangulie kumtafuta mtu mmoja atakayemlipa shilingi 10 kwa hiari yake, na amfahamu mtu huyo kwa sura, kabla ya kumwandikia baruapepe mwenye milioni.

Tena asiing'ang'anie dhana yake ya kwanza. Majaribio ya M-Pesa ya mwaka 2005 yalilenga kuwasaidia wakopaji wa mikopo midogo kulipa marejesho kwa simu. Wakopaji wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Waliosimamia majaribio wakawasikiliza, wakaiacha dhana ya marejesho kando, nayo huduma ya kutuma pesa nyumbani ikazaliwa. Wenzangu nao walidhani muuzaji atakuwa akiandika kila anapouza. Haiwezekani! Asubuhi mikono yake imejaa maji na matope ya mboga. Huandika jioni, akiwa ndani ya matatu, akikumbuka mteja mmoja mmoja. Kwa hiyo ilibidi menyu ipangwe upya ili ianze na orodha ya majina, si na bei.

Kuhusu sheria nitasema machache. Jina la mtu na deni lake ni taarifa za kibinafsi kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mteja anastahili kujua zinawekwa wapi na kwa nini. Ridhaa hiyo nayo huombwa kwa maneno. Anayekubali asichokielewa amekubali nini?

Swali hilo lilitujia kwa uzito zaidi mwezi wa tatu. Wauzaji walikuwa wamezidi ishirini, na mtu mmoja mwenye fedha, ambaye sitamtaja, akajitokeza. Alitaka kuwakopesha wauzaji mtaji wa kununulia bidhaa kupitia huduma hiyohiyo. Fedha zake zingelipia mitambo kwa mwaka mzima na kurudisha mkopo wa masomo uliokuwa umezama humo. Masharti yake yalikuwa asilimia 15 kwa mwezi. Akaniletea sentensi ya Kiingereza niitafsiri, nayo ilitumia maneno yenye maana ya "ada ndogo ya huduma".

Nilimwuliza kama hiyo ni ada au riba. Alitabasamu, akasema riba ni neno zito, tena wapo wauzaji Waislamu ambao wangelikataa. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo sababu hasa ya kulitumia: wana haki ya kulikataa. Ada hulipwa mara moja, ukamalizana na mtu. Hiki kingeendelea kuongezeka kila mwezi ambao deni halijalipwa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu watoaji mikopo ya kidijitali zilidai leseni, na zikataka mkopaji aelezwe masharti waziwazi kabla ya kukopa. Hilo pia nililitaja. Akasema mwanasheria wake atalishughulikia.

Usiku ule tuliketi sisi watatu katika chumba cha bweni, sufuria ya chai katikati, tukabishana hadi karibu saa nane. Mwenzangu aliyetoa mkopo wake alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika. Aliniuliza kama kweli neno moja la Kiswahili lina thamani ya karo yake. Sikuwa na jibu la kumtuliza. Nilichoweza kufanya ni kuandika sentensi isiyokuwa na ada wala riba ndani yake, nikawapa waisome: "Ukikopa sh 1,000 leo, utarudisha sh 1,150 baada ya siku 30. Ukichelewa, itaongezeka sh 150 kila mwezi. Kubali 1. Kataa 2."

Aliisoma kimya mara mbili. Kisha akasema kwamba mamake huuza samaki Kisumu, na kwamba hiyo angeielewa.

Asubuhi tulimpelekea mwenye fedha sentensi ile bila kuibadilisha. Alisema itawatisha watu, akaomba muda wa kufikiria. Hajarudi hadi leo. Huduma ingali hai kwa shilingi 10 za kila wiki kutoka kwa kila muuzaji, na mitambo imelipiwa hadi mwisho wa muhula.